Makato ya ovadrafti: lipi la kudai, lipi la kuombea nafuu

Mtu akilalamika kwamba benki imemla hela, swali la kwanza ni kwamba imekula nini. Riba? Ada? Faini ya kuzidisha kikomo? Au ni rejesho la mkopo wake mwenyewe alilolisaini miezi minane iliyopita akalisahau? Kwenye simu yote yanakuja kwa ujumbe wa aina moja: ndugu mteja, akaunti yako imekatwa kiasi fulani, salio lako ni hasi kadhaa. Ujumbe hausemi kama kilichokatwa ni halali, ni kosa, au ni halali lakini kimezidi kipimo. Kazi hiyo umeachiwa wewe na karatasi zako.

Makala haya yanahusu ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa au kulipa pesa nyingi kuliko zilizomo kwenye akaunti, na makato yanayoifuata pale mambo yanapokwenda kombo. Hapa Dodoma inakuja kwa sura tatu. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara: mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa au mkamuaji wa alizeti anapewa kikomo, tuseme milioni tano, anachota wakati wa kununua na kurudisha akiuza. Ya pili ni ya mtumishi, ambayo benki nyingi huiita kuchukua mshahara mapema: unakopa kidogo katikati ya mwezi, mshahara ukiingia wanajilipa. Ya tatu iko kwenye simu. Songesha ya M-Pesa, kwa mfano, inakukamilishia muamala pale salio linapopungua, kisha pesa yoyote inayoingia inaanza kulipa deni hilo. Watu wengi hawaihesabu hii kama mkopo hata kidogo, na ndiyo maana wanashangaa shangazi anapowatumia elfu ishirini wakakuta elfu kumi na mbili.

Utaratibu wa ovadrafti ya biashara unatakiwa uende kama msimu wenyewe. Akaunti inashuka wakati wa ununuzi, inapanda wakati wa mauzo, na angalau mara kadhaa kwa mwaka inasoma chanya. Benki inatoza riba kwa kiasi ulichotumia na siku ulizokitumia, si kwa kikomo kizima. Kwa kawaida mkataba ni wa miezi 12, unaohuishwa kwa ada. Tena ndani yake kuna sentensi ambayo watu wachache huisoma: benki inaweza kudai pesa yote irudishwe wakati wowote.

Sasa chukua mwaka mbaya. Mvua za Dodoma zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili zikipenda. Zikikatika Februari, mavuno ya Mei na Juni yanakuwa machache, mnunuzi hana cha kununua wala cha kuuza, na akaunti inaganda chini. Riba inaendelea kuongezwa juu ya deni kila mwezi. Siku moja riba yenyewe inakisukuma kikomo, deni linavuka milioni tano, na ada ya kuvuka kikomo inakatwa kwa sababu ya riba ambayo benki yenyewe ndiyo iliyoiandika. Mteja hajatoa hata shilingi. Kwa maoni yangu hili ndilo kato linaloudhi kuliko yote katika mchezo huu, na ni la kwanza kuhojiwa.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanaandika barua moja yenye kila kitu: nimekatwa bila haki, mume wangu anaumwa, watoto wanadaiwa ada, biashara imeanguka, naomba mnirudishie pesa zangu zote na mnisamehe riba. Afisa anayeipokea anachagua la kujibu, na anachagua lililo rahisi. Anajibu la ugonjwa kwa pole, anasema sera ya benki hairuhusu kusamehe, anafunga faili. Lile kosa la hesabu lililokuwa kwenye mstari wa nne halikuguswa.

Dai na ombi ni vitu viwili. Kato lililofanyika nje ya mkataba unalidai, uwe tajiri au maskini. Shida zako haziliongezei uzito wala hazilipunguzii. Kato lililo ndani ya mkataba lakini linakuzamisha unaliombea nafuu, na hapo shida zako ndiyo hoja yenyewe, zinahitaji ushahidi. Kila kimoja kiwe na barua yake.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2006 wateja kwa maelfu walianza kuzidai benki zao ada za ovadrafti zisizo na kibali, ambazo zilikuwa zinafika paundi 30 na zaidi kwa kosa moja, hata kama umezidisha kwa paundi mbili. Sheria yao ya taarifa binafsi iliwawezesha kupata kumbukumbu za akaunti kwa ada ya paundi 10, wakajumlisha makato ya miaka sita nyuma, wakaandika barua. Benki nyingi zililipa kimyakimya ili zisifike mahakamani. Mwaka 2007 Ofisi ya Biashara ya Haki ya huko, msimamizi wa haki za wateja, ikafungua kesi ya mfano dhidi ya benki saba na chama kimoja cha akiba na mikopo ya nyumba. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 25 Novemba 2009 benki zikashinda.

Sababu ya ushindi ule inatuhusu. Mahakama ilisema ada zile ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, na kanuni za mikataba ya wateja hazikumpa msimamizi nafasi ya kupima kama bei ni ya haki kwa kulinganisha na kinachonunuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema kwamba ada hizo kwa jumla si faini za kuvunja mkataba, kwa kuwa mteja anayezidisha salio havunji ahadi, anachofanya ni kuomba huduma ya ziada na benki kuikubali kwa bei yake.

Lakini mlango mmoja haukufungwa. Hata wakati malalamiko mengine yamesimamishwa yakisubiri kesi, wateja waliokuwa kwenye dhiki ya kifedha waliendelea kushughulikiwa, na baada ya hukumu ndio waliobaki na njia. Hoja yao haikuwa kwamba ada ni haramu. Walionyesha kwamba benki ilijua wamekwama, ikaendelea kuwatoza, na kwa kufanya hivyo ikawasukuma chini zaidi kinyume na wajibu wake wa kumtendea haki mteja aliyekwama. Baadaye, Aprili 2020, msimamizi wa huduma za fedha wa huko alipiga marufuku ada za kiasi maalumu kwenye ovadrafti na kutaka riba moja ya mwaka inayoeleweka. Benki nyingi zikaiweka karibu na asilimia 40. Kila mtu na ushindi wake.

Hukumu ya London haifungi mahakama zetu, lakini hoja zake utazikuta mezani kwa mwanasheria wa benki yoyote ya hapa. Kwa hiyo soma mkataba wako ukiwa na swali hilo mkononi: unasemaje kuhusu kuzidisha kikomo? Kuna mikataba inayosema mteja hataruhusiwa kuzidi, na akizidi atatozwa adhabu. Kuna mingine inayosema benki, kwa hiari yake, inaweza kukubali malipo yanayozidi kikomo kwa ada ya kiasi fulani. Maneno yanafanana, uzito wake unatofautiana.

Kama mkataba unakukataza na kukuadhibu, uko ndani ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu hicho kinasema, kwa maneno ya kawaida, kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa endapo upande mmoja utauvunja, upande ulioumia unastahili fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kile kilichotajwa. Kwa hiyo kiasi kilichoandikwa ni dari. Benki inaweza kuulizwa: kuzidisha kwangu kwa shilingi elfu nane kwa siku mbili kumekugharimu nini hadi unitoze elfu hamsini? Kama mkataba unaita ada hiyo bei ya huduma, swali hilo linakuwa gumu zaidi, na unahamia kwenye swali jingine: bei hii niliambiwa lini, na kwa maandishi gani?

Hapo zinaingia Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Zinazitaka benki na watoa huduma wengine kumweleza mteja gharama zote waziwazi kabla hajasaini, kumjulisha masharti yanapobadilika, kumtendea kwa haki, na kuwa na utaratibu wa kupokea na kutatua malalamiko. Ada ambayo haimo kwenye mkataba, haimo kwenye orodha ya ada ya benki iliyotangazwa, na hukuwahi kujulishwa, imesimama kwa mguu mmoja. Anayetakiwa kueleza ilikotoka ni benki.

Haya yote ni hewa tupu bila stetimenti. Omba taarifa ya akaunti ya kipindi chote, iliyogongwa muhuri, si ile ya miamala kumi ya mwisho ya kwenye simu. Omba pia nakala ya mkataba wa ovadrafti na barua ya mwisho ya kuuhuisha. Ukizungushwa, kumbuka kuwa tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu ana haki ya kujua na kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi. Kuitaja kwenye barua kunasaidia karatasi kutoka kabatini.

Kisha kaa chini na kalamu ya rangi. Tuseme kikomo chako ni milioni 5, riba ni asilimia 18 kwa mwaka, na mkataba unasema kiasi kitakachozidi kikomo kitatozwa asilimia 6 zaidi, yaani 24. Milioni 5 kwa asilimia 18 ni laki tisa kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, unapata shilingi 2,466 kwa siku. Sasa tuseme kwa siku 9 deni lilikuwa milioni 5 na laki 4. Riba ya milioni 5 kwa siku hizo ni 22,192. Riba ya ile laki 4 kwa asilimia 24 ni 2,367. Jumla 24,559. Ukikuta benki imekata 31,956, ujue imetoza asilimia 24 kwa deni lote badala ya kwa kilichozidi. Tofauti ni 7,397. Ni ndogo, ndiyo, lakini ni ya siku tisa tu, na mashine iliyokosea siku hizo tisa haikujirekebisha yenyewe siku ya kumi.

Angalia pia safu ya tarehe. Stetimenti nyingi zina tarehe mbili, ya muamala kuandikwa na ya pesa kuanza kuhesabika. Ukiweka pesa Ijumaa kwenye kaunta, nayo ikaanza kuhesabika Jumatatu, umelipa riba ya siku tatu kwa deni ambalo tayari ulishalipunguza. Kwa hundi hilo linaeleweka, kwani lazima isubiri kupita. Kwa noti ulizomhesabia mwenyewe mhudumu wa dirishani, uliza.

Na angalia siku mkataba ulipoisha. Hapa ndipo nimeona wafanyabiashara wengi wakinaswa. Mkataba wa miezi 12 umeisha Juni, hakuna aliyempigia simu mwenye duka, yeye anaendelea kuweka na kutoa kama kawaida. Kwenye mfumo, kikomo chake kimeshuka hadi sifuri. Kuanzia Julai mosi deni lake lote linahesabika kuwa limezidi kikomo, kwa riba ya adhabu. Ukikuta riba imeruka ghafla bila wewe kufanya lolote, tafuta tarehe ya mwisho ya mkataba kabla hujatafuta mchawi. Kama benki ilikubali miamala yako miezi miwili baada ya mkataba kuisha bila kukutaarifu, una hoja nzuri kwamba kwa vitendo iliendeleza masharti ya zamani.

Makato mengine ni ya kupita haraka. Ada iliyokatwa mara mbili siku moja kwa tukio moja, idai. Ada ya maagizo ya kudumu (malipo ya kujirudia uliyoiagiza benki iyafanye) yaliyoshindikana, ambayo mfumo ulijaribu asubuhi, mchana na jioni ukatoza kila mara, idai ya marudio. Ada ya kuhuisha iliyokatwa wakati ombi lako la kuhuisha lilikataliwa, idai. Kumbuka tu kwamba ada za benki hubeba VAT ya asilimia 18, wakati riba haibebi. Ada ya elfu kumi ikirudishwa, elfu moja na mia nane ya VAT iliyokatwa juu yake nayo irudi.

Barua ya dai iwe fupi na kavu. Mfano:

"Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA MAKATO YALIYOZIDI MKATABA, AKAUNTI NAMBA (taja)

Rejea mkataba wetu wa ovadrafti wa tarehe (taja). Kifungu cha (taja) kinasema riba ya ziada itatozwa kwa kiasi kinachozidi kikomo. Taarifa ya akaunti ya tarehe (taja) inaonyesha riba hiyo imetozwa kwa deni lote. Jedwali la hesabu limeambatanishwa. Naomba nirejeshewe shilingi (taja), pamoja na riba iliyotozwa juu ya kiasi hicho hadi siku ya kurejeshwa. Naomba majibu kwa maandishi na namba ya rejea ya lalamiko hili."

Hakuna mgonjwa humo, hakuna ada ya shule. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mhudumu akikwambia, "Mama, hilo si la kuandika, ongea tu na afisa mikopo atakusaidia," mshukuru, ongea na afisa mikopo, na barua muachie.

Sasa shida yenyewe. Hapa lugha inabadilika. Huombi benki ikiri kosa, unaiomba isimamishe kitu kabla hakijawa kikubwa. Watu wengi huchelewa kwa aibu, wanazima simu, wanabadilisha njia wasipite mbele ya tawi. Benki kwa upande wake ina sababu ya kukusikiliza mapema, na sababu hiyo haina uhusiano na huruma. Deni lisilolipwa likipita siku 90 linaingia kwenye kundi la mikopo chechefu. Benki inalazimika kutenga fedha kwa ajili yake na kuliripoti, na Benki Kuu inataka mikopo ya namna hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki. Siku ya 40 wewe ni mteja wa kuzungumza naye. Siku ya 140 faili lako liko kwa wakusanya madeni.

Kwa mwenye biashara, ombi la maana kuliko "nisameheni riba" ni kubadilisha ovadrafti iliyoganda kuwa mkopo wa muda maalumu. Deni linatolewa kwenye akaunti, linapangiwa marejesho ya miezi kadhaa, ada za kuzidisha kikomo zinakufa, na akaunti inabaki ya kufanyia kazi. Omba marejesho yafuate msimu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka; kumpangia marejesho ya kila tarehe 25 ni kumwandalia faini. Omba pia, katika sentensi yake yenyewe, riba ya adhabu isimame kuanzia tarehe ya barua wakati mazungumzo yanaendelea. Hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko kufutiwa riba ya kawaida.

Kwa mtumishi kuna jambo linalowachanganya hata wenye shahada. Kila mtu Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anajua habari ya theluthi moja: makato hayatakiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi. Ni kweli, lakini kanuni hiyo inasimamia makato yanayopita kwa mwajiri, kabla mshahara haujatoka: marejesho ya mkopo wa benki uliopitishwa na mwajiri, ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwa waliosomeshwa, na kadhalika. Mshahara ukishatua kwenye akaunti inayosoma hasi, benki inajifidia yenyewe kile kilichochukuliwa mapema, na hesabu ya theluthi haipigwi tena hapo. Ndiyo maana mwalimu wa Chamwino anaweza kuwa na hati ya mshahara iliyonyooka na mkononi asiwe na nauli. Akienda kwa ofisa utumishi kulalamika, ataambiwa, na kwa haki, kwamba upande wao uko sawa.

Ombi lake liende benki, na liwe na namba. Mshahara unaoingia ni kiasi gani, kodi ya nyumba Nkuhungu ni kiasi gani, chakula, nauli, dawa, kinachobaki. Kisha pendekezo: badala ya kukata laki mbili na nusu zote siku ya mshahara, kateni elfu sitini kwa mwezi, na fungeni huduma ya kuchukua mshahara mapema kwenye akaunti yangu. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuiandika, maana ndiyo kamba uliyoishikilia. Lakini benki ikiona unaomba nafuu huku umeacha mlango wa kukopa tena wazi, haitaamini hesabu yako, na haitakosea.

Ambatisha ushahidi: barua ya kupunguzwa kazi, vyeti vya hospitali, barua ya ofisa ugani au mtendaji wa kijiji kuhusu mavuno. Barua hii inaruhusiwa kuwa na maisha ndani yake. Na muhimu kuliko vyote, iwe na tarehe, kwa sababu kuanzia tarehe hiyo benki haiwezi kusema haikujua. Ikiendelea kukutoza ada juu ya ada bila hata kukujibu, sasa ile hoja iliyowabakia Waingereza inaanza kujengeka na hapa: kanuni za 2019 zinataka mteja atendewe haki, na kumnyamazia mtu aliyekuandikia kwamba anazama huku ukiendelea kumkata ni vigumu kukuita haki.

Ukikwama benki, hatua inayofuata ni Dawati la Malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Makao makuu ya Benki Kuu yako Dodoma, kwa hiyo mkazi wa hapa ana nafuu ambayo mtu wa Mpanda hana. Pia kuna mfumo wa mtandaoni uitwao Sema na BoT. Huduma hiyo hailipiwi. Watakuuliza mambo mawili kabla ya yote: ulianza na benki yako? Na shauri hili liko mahakamani? Kama hujaanza na benki, utarudishwa. Kama liko mahakamani, hawaligusi. Ndiyo thamani ya ile nakala yenye muhuri na namba ya rejea. Tatizo likiwa la mkopo wa kwenye simu, anza na mtoa huduma, kisha njia ni hiyohiyo. Likiwa la SACCOS, mlango ni wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, nayo iko Dodoma.

Mahakama iko mwishoni mwa safari, na kwa deni la laki mbili mara nyingi nauli na muda vitazidi unachodai. Ila ujue saa inavyokwenda: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Makato ya mwaka 2017 yameshalala. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uongozi wa mtaa au ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza waliko.

Wakati haya yanaendelea, kuna jaribu la kuziba shimo kwa mkopo wa haraka. Wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana wana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni asilimia 42, tayari zaidi ya mara mbili ya ile ovadrafti ya mfano wetu. Wasio na leseni hawana kikomo chochote isipokuwa aibu yako: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mtu aliyehamisha deni la benki kwenda kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ameuza mdai anayejibu barua akanunua anayewapigia simu wakwe.

Benki ikikubali kukurudishia, usishangilie mpaka uone jinsi pesa ilivyoingia. Kama makato yalifanyika Machi na marejesho yakaandikwa Septemba, miezi sita ya riba juu ya kiasi hicho bado iko kwenye deni lako. Omba marejesho yahesabike kuanzia tarehe ya kato la awali. Omba pia taarifa iliyopelekwa kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo isahihishwe. Kanuni za mwaka 2012 za taasisi hizo zinakupa haki ya kuona ripoti yako na kuipinga ikiwa na kosa, na doa lililobaki huko litakunyima mkopo mwaka ujao hata kama akaunti imeshanyooka.

Pamoja na pesa huja karatasi ya kusaini, yenye maneno kwamba umepokea kiasi hicho kwa kumaliza madai yote. Ukiwa bado unasubiri jibu la barua ya pili, ile ya kuombea nafuu, usiisaini ilivyo. Waombe waandike "kwa kumaliza dai la makato ya tarehe kadhaa", wataje tarehe, kisha weka sahihi.